Kilwa hapakuwa na sheria ya ng'ombe

Ng'ombe ndio walionileta Kilwa. Kwa hiari yangu nisingefika. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne Rujewa, na akili yangu yote ilikuwa Mbeya mjini, kwenye duka la vipuri vya pikipiki ambalo sikuwa na hata nati yake moja. Lakini kwa Msukuma ambaye baba yake yu hai na zizi limejaa, mipango ya namna hiyo husubiri ng'ombe wanywe maji kwanza. Na wakishakunywa, huzuka jambo jingine.

Kwetu hasa ni Maswa, ambayo enzi hizo ilikuwa mkoa wa Shinyanga. Sikumbuki mengi ya huko zaidi ya pamba, mtama na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, lakini mzee alikuwa anaikumbuka kwa niaba yetu sote. Alikuwa akisimulia jinsi babu yake alivyokuwa mmoja wa watu waliopelekwa kufyeka mapori enzi za Mwingereza ili kufukuza mbung'o. Mapori yakafyekwa kweli, mbung'o wakaondoka, mashamba ya pamba yakaongezeka, ng'ombe wakaongezeka, na baada ya vizazi viwili hapakuwa na kivuli wala nyasi. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, wa kurudisha miti na ngitili, malisho yanayotengwa kwa ajili ya kiangazi, katika Shinyanga yote, na nasikia sehemu nyingi zimerudi kuwa kijani. Mzee hakungoja. Alikuwa na ndugu waliotangulia Usangu, tambarare ya mkoani Mbeya iliko Rujewa, akawafuata na sisi tukiwa wadogo.

Usangu ilitupokea vizuri, na leo najua kwa nini. Tambarare ile ilikuwa imezoea watu wa kuja. Kulikuwa na Wasangu wenyewe, Wasukuma waliofika tangu miaka ya 70, Wamasai, Wabarabaig, na pale Rujewa kulikuwa na Mabaluchi ambao mababu zao walitoka upande wa Irani na Pakistani. Wana ng'ombe wao na wanaongea Kisangu bila kigugumizi. Karibu kila mtu, mwenyeji kwa mgeni, alijua ng'ombe ni kitu gani. Mpunga ukishavunwa, ng'ombe wanaingia kwenye mabua. Kabla ya kuvunwa, hawaingii. Ng'ombe akila mpunga, kuna mzee fulani anaitwa, anatazama, anataja kiasi, na kiasi hicho kinalipwa kwa kunung'unika. Hakuna aliyetufundisha mambo hayo kwa kutuketisha chini. Yalikuwapo tu. Sisi tulichoongeza ni kujifunza kulima majaruba na kula wali siku za kazi, jambo ambalo bibi yangu aliliona kuwa ni anasa itakayotuletea balaa.

Balaa lilikuja, ingawa si kwa sababu ya wali. Ruaha Mkuu ulikuwa umeanza kukauka kila kiangazi tangu 1993. Mwaka 2006 nchi ikaingia kwenye mgawo mkali wa umeme, maji ya bwawa la umeme la Mtera yameshuka, na macho yote yakageukia Ihefu, ardhioevu ya Usangu inayolisha Ruaha. Wafugaji wakatakiwa kuondoka. Sitaki kuifungua tena kesi hiyo. Ng'ombe walikunywa maji, na majaruba nayo yalikunywa, ila ng'ombe ndiye mwenye miguu ya kumwondoa. Kufikia 2008 eneo lile lilikuwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Sisi tulishaondoka, sehemu ya mifugo imeuzwa kwa bei ya kutupa, sehemu imepakiwa kwenye malori kuelekea Lindi. Wengine walifia njiani. Tulivuka Rufiji juu ya Daraja la Mkapa usiku, na asubuhi tukawa Somanga, ambako barabara inasogelea bahari. Mzee aliyatazama yale maji mengi, akauliza kama ng'ombe wanayanywa. Alipoambiwa ni ya chumvi, akapoteza hamu nayo kabisa.

Tulipewa eneo la kukaa bara ya wilaya, upande wa Mto Matandu, mbali na lami. Wenyeji ni Wamatumbi kwa wingi wao na Wangindo, watu wa muhogo, ufuta, korosho na mpunga wa mabondeni. Ng'ombe hawakuwa sehemu ya maisha yao, na sababu haikuwa uvivu kama baadhi ya wenzangu walivyopenda kusema. Sababu ilikuwa mbung'o. Wadudu wale ambao babu wa mzee aliwafyekea pori kule Shinyanga walikuwa wametulia huku, wanatusubiri.

Ndani ya msimu mmoja manyoya ya ng'ombe yalianza kusimama, macho yanatoa machozi, wenye mimba wanatupa, na dume aliyekuwa akisukuma lango la zizi anakonda hadi mbavu zinahesabika. Tulijua ni ndorobo, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, tukanunua sindano za Samorin na Berenil kwa pesa tuliyokuwa tumeiweka kwa ajili ya mabati. Dawa ilisaidia, lakini kilichosaidia zaidi ni mwindaji mmoja wa Kimatumbi, mtu mfupi asiyependa maneno, aliyekuja kutuuzia asali. Aliwatazama vijana wetu waliojifunga shuka za buluu na nyeusi, akacheka. "Mnawaita wenyewe," alisema. "Mbung'o anapenda hiyo rangi. Mtu wa pori hapa havai hivyo." Baadaye nikaja kuona kwamba wataalamu wanaowatega mbung'o hutumia vitambaa vya rangi hizo hizo, buluu na nyeusi, vilivyotiwa dawa. Yule bwana hakuwa amesoma popote. Alitutembeza siku nzima akituonyesha vichaka vya kandokando ya vijito ambako wadudu wanakaa, na njia za juu ya matuta ambako hawafuati sana. Njia tunazopitishia ng'ombe hadi leo ni njia alizotuonyesha yeye, na malipo aliyoyataka ni ndama mmoja ambaye hakumfuga: alimuuza wiki ileile.

Ugomvi ulianza na mashamba. Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo Usangu isingenifundisha kamwe. Huwa nasikia watu wakizungumzia kuzoea ugeni kana kwamba ni suala la tabia ya mtu: uwe mnyenyekevu, ujifunze lugha, ule wanachokula. Sipingi. Lakini nimeona watu wawili wema, wote wanaswali au wanasali, wakifikia kushikiana mapanga kwa sababu kitu kinachowakutanisha hakina utaratibu. Kilwa haikuwa na mila ya ng'ombe. Hakuna aliyejua ng'ombe apite wapi, aingie shambani lini, akila zao inahesabiwaje, na nani ana haki ya kuhesabu. Mkulima aliyekuta kundi shambani alikuwa na njia mbili tu, kukimbia au kumkata mmoja mguu. Mfugaji naye alikuwa na njia mbili, kutoroka usiku au kumwaga pesa. Na waliomwaga pesa waliharibu zaidi, kwa sababu mkulima alirudi nyumbani na noti mfukoni akijisikia ametukanwa.

Mimi nikawa mtu wa kati bila kuteuliwa. Kiswahili changu kilikuwa cha shule, wakati wenzangu wengi walikuwa bado wanachanganya "r" na "l" hadi watoto wa kijijini wanawaigiza. Kila kesi nikaitwa.

Kitu cha kwanza kilikuwa fimbo. Msukuma akienda kwenye mkutano hubeba fimbo yake, na Mbarabaig hubeba na zaidi ya hapo. Kwetu hilo halina maana yoyote, ni kama mwingine anavyobeba simu. Wenyeji waliona watu kumi wenye fimbo wakija kwenye baraza la kijiji, nusu ya wanawake wakaondoka kabla mkutano haujaanza. Mwenyekiti wa kijiji, mzee mwenye busara kuliko cheo chake, hakutugombeza. Aliagiza mkutano uhamie chini ya mkorosho mkubwa, akasema kila mtu mwenye mzigo autue kwenye shina, hata wenye mikoba. Wakulima wakatua majembe na vikapu vyao, sisi tukatua fimbo. Tangu hapo ndivyo inavyofanyika na hakuna anayeuliza kwa nini.

Kesi ninayoikumbuka kuliko zote ni ya ufuta. Asiyewahi kulima ufuta hatanielewa nisipoeleza. Ukikomaa hukatwa, hufungwa matita, matita husimamishwa yameegemea fito ili yakauke. Yakikauka, vile viganda hufunguka juu kama midomo, na mbegu zinabaki mle ndani zikingoja kugeuzwa juu ya turubai na kupigwa. Katika hali hiyo shamba lote la mtu, kazi ya miezi mitano, limesimama wima bila kufungwa. Sasa dume la jirani yangu mmoja likapita, likaona mstari wa matita, likaamua kujikuna. Halikula hata jani. Lilijikuna tu. Ufuta wote wa mstari ule ukamwagika mchangani, na ufuta ukishamwagika mchangani hauokoteki.

Mwenye shamba alikuwa bibi mmoja mjane, mwembamba, mwenye sauti inayosikika hadi ng'ambo ya bonde. Jirani yangu akaja mbio na elfu hamsini mkononi. Bibi hakuigusa.

"Pesa ya nini hiyo, baba?"

"Ya ufuta wako, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Umeupimia wapi ukajua ni elfu hamsini?"

Jirani akanigeukia mimi. Nikamwambia bibi kwamba anaomba radhi na anataka kulipa. Bibi akasema radhi amepokea, malipo bado, kwa sababu hakuna mtu anayelipa kitu ambacho hakijapimwa. Akatandika turubai, akachukua matita mawili ya mstari wa pili ambayo hayakuguswa, akayapiga mbele yetu, akapepeta, akajaza kisado akakifuta juu kwa kiganja. Kisha akahesabu matita yaliyoanguka, akayapiga na hayo ili kujua kilichobaki ndani, akatoa. Mjumbe wa baraza la ardhi la kijiji alikuwa ameshafika na daftari. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka baraza hilo liwe na watu saba, angalau watatu wanawake, na huyu alikuwa mmoja wa wanawake hao. Ikapatikana idadi ya visado. Jirani akauliza kwa hiyo ni shilingi ngapi. Bibi akamwambia, "Mnada bado. Utanilipa bei ya mnada."

Ilibidi angoje ufuta uende ghalani, minada ifanyike, bei itangazwe. Alilipa zaidi ya elfu hamsini, na alilipa bila kinyongo, maana aliona kila kisado kwa macho yake. Kuanzia hapo hesabu ya bibi ndiyo ikawa hesabu ya kijiji: pima kilicho karibu, hesabu kilichoharibika, toa kilichobaki, lipa bei ya mnada. Ikaongezwa upande wa pili pia. Ng'ombe akikutwa shambani hapelekwi panga, anapelekwa kwa mwenyekiti wa kitongoji, na anayemkata analipa ng'ombe. Maofisa waliwahi kuja baadaye na ramani ya mpango wa matumizi bora ya ardhi, na ilikuwa na faida yake hasa kwenye njia ya ng'ombe kwenda mtoni. Lakini nadhani ramani ile ilishika kwa sababu kisado kilitangulia.

Korosho zilitupa shida ya aina nyingine. Ng'ombe wanapenda mabibo kupita kiasi, na msimu wa Oktoba hadi Desemba mabibo yanaanguka yakiwa na korosho zake. Ng'ombe hachambui. Tukakubaliana kwamba mwenye shamba akishaokota na kutenga korosho, mabibo yaliyobaki ni ya ng'ombe wetu, na samadi watakayoacha ni yake. Kwenye misitu ya kijiji ya mpingo hakukuwa na makubaliano: ng'ombe hawaingii, moto hauwashwi, na hilo sikulipinga. Vijiji kadhaa vya Kilwa vinauza magogo yao vyenyewe na kujengea zahanati na shule, na mfugaji anayeona ni pori tu la bure hajaelewa amefika wapi.

Upande wa wanawake mambo yalikwenda kwa njia nyingine, na naweza kusema yalikwenda haraka zaidi. Mke wangu alikamua maziwa yakawa yanamwagwa. Hakuna aliyenunua. Tulidhani hawapendi maziwa, kumbe shida ilikuwa kibuyu. Habari ilikuwa imeenea kwamba wafugaji husuuza vibuyu kwa mkojo wa ng'ombe. Wapo wanaofanya hivyo kweli, ni njia ya zamani ya kuzuia maziwa yasiharibike. Kwa Mwislamu hiyo ni najisi, hata ukimwekea sukari. Mke wangu hakubishana na mtu wala hakuanza kujitetea kwamba yeye hutumia moshi tu. Aliacha vibuyu nyumbani, akanunua vidumu vya plastiki, akawa anakwenda navyo vikiwa vitupu hadi kwenye kisima karibu na msikiti, anaviosha kwa maji ya moto aliyoyabeba kwenye chupa ya chai, mbele ya kila mtu, kisha mtoto anafuata nyuma na maziwa kwenye sufuria safi. Usumbufu mtupu. Lakini Ramadhani ilipoingia, wanawake walikuwa wanamngoja njiani alasiri, maziwa ya uji, maziwa ya tambi, maziwa ya chai ya futari. Hadi leo mwezi huo ndio unaolipa ada za watoto wetu. Mimi huwa nawaambia vijana wa kikwetu waifahamu kalenda ya mwezi kuliko ya ukutani, maana Idd el-Hajj nayo ndiyo bei nzuri ya madume, na inasogea nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka.

Kuchinja tulijifunza mapema. Kwenye arusi ya mdogo wangu, mzee alimleta mwalimu wa madrasa achinje, na tukamwachia mwalimu sehemu yake. Kijiji kizima kikala. Familia moja jirani yetu ilichinja yenyewe kwenye sherehe yake, ikabaki na nyama ya siku tatu na wageni wakinywa soda tu. Pweza mimi bado sijaweza. Watoto wangu wanakula na kunicheka.

Sasa utani. Kila Mtanzania anajua kwamba Msukuma na Mzaramo ni watani, na husemwa kwamba ni tangu enzi za misafara, wapagazi wetu walipokuwa wakishuka pwani wakiwa wachovu na wapweke, wakahitaji mahali pa kutukanwa kwa upendo. Mmatumbi na Msukuma je? Hakuna aliyekuwa na uhakika. Mzee mmoja wa Kimatumbi ndiye aliyeamua, na hoja yake ilikuwa pamba. Vita vya Majimaji vilianzia kwenye vilima vyao, Nandete, Julai 1905, watu walipong'oa pamba waliyokuwa wakilazimishwa na Wajerumani kuilima. Mzee huyo alipojua kwamba sisi tumetoka kwenye nchi ya pamba, tena tunaisifia, alishika kichwa. "Sisi pamba tuliitangazia vita," akasema, "nyie mnaiimbia ngoma. Hatuwezi kuwa ndugu. Basi tuwe watani." Mzee wangu akamjibu kwamba mtu aliyepigana na mmea asijisifu. Kuanzia siku hiyo wawili wale hawakuwahi kusalimiana vizuri tena, na hawakuwahi kukosana.

Wengine wataona ni mchezo tu. Mimi nimeona kazi yake. Maneno ambayo mdomoni mwa mtu mwingine yangeleta panga yalipita kwa utani, yakafika, yakasikika. Mzee wa Kimatumbi ndiye aliyemwambia mzee wangu mbele ya watu kwamba watoto wake wanachunga badala ya kusoma, "mnazaa wachungaji wa ng'ombe wa wenzenu wa kesho." Angelisema mwalimu mkuu, tungekasirika. Mwaka uliofuata wadogo zangu wawili walipangishiwa chumba karibu na shule.

Mzee alipofariki, swali lilikuwa azikwe wapi. Ndugu wa Maswa walipiga simu wakitaka mwili urudi. Safari ya kutoka Kilwa hadi Maswa ni nchi nzima, na pesa ilikuwa ya kuuza ng'ombe. Mama akasema mwanamume huzikwa ulipo mji wake, na mji wake ni hapa. Wenyeji walichimba kaburi bila kuulizwa. Tulipofika makaburini, mtani wake alikuwa amelala ndani ya kaburi, mikono kifuani, macho wazi. Akasema shimo hili ni la Mmatumbi, Msukuma akitaka kuingia alipe. Watu walikuwa wanalia na kucheka kwa pamoja. Kaka yangu mkubwa akatoa elfu mbili. Mtani akaikagua kwenye jua, akasema kwa mtu mwenye ng'ombe wote wale hii ni dharau, akajigeuza ubavu. Ikafika elfu kumi na ahadi ya beberu. Alipotoka mle alikuwa analia kuliko sisi. Beberu tulimpa.

Baada ya hapo sikusikia tena mtu akituita Wamang'ati kwa pamoja, jina ambalo huku hupewa kila anayetembea nyuma ya ng'ombe, awe Msukuma, Mmasai au Mbarabaig mwenyewe. Tukawa na makabila yetu. Na kaburi lile limetupa kitu ambacho karatasi za makazi hazikutupa: kwenye mkutano wa kijiji mtu akianza kusema "wageni hawa", kuna mwenyeji anayemkatiza.

Halafu mvua zikaja kupindua mambo. Zile za El Nino zilianza mwishoni mwa 2023 na hazikukata vizuri, na mwanzoni mwa Mei 2024 kikaingia Kimbunga Hidaya, kikapiga pwani upande wa Mafia. Barabara ya Dar ilikatika maeneo ya Somanga, magari yakakwama pande zote mbili. Kwetu bara upepo haukuwa mkubwa, lakini maji ya mabonde yalipanda juu ya mpunga, yakaingia kwenye nyumba. Sisi wafugaji tunakaa kwenye matuta, kwa sababu ya mbung'o na kwa sababu ng'ombe hapendi tope. Usiku mmoja mabonde yakapanda kwetu: watu, kuku, magodoro, cherehani, na yule bibi wa kisado akiwa amebeba mbegu zake za ufuta kichwani ndani ya ndoo yenye kifuniko. Tuliwagawa kwenye maboma. Ndama wakalala nje.

Walikaa kwa wiki kadhaa. Niliona kitu ambacho sikuwahi kukiona: wenyeji wa vizazi vingi wakiuliza maswali yaleyale tuliyokuwa tukiyauliza sisi. Tujenge wapi. Nani wa kumwomba. Tukiondoka kule, ile mikorosho ni ya nani. Kwenye jambo hilo sisi ndio tulikuwa wazoefu. Mama yangu aliwaonyesha wanawake jinsi ya kufungasha nyumba: mbegu na dawa vinatangulia, kisha vyombo vya kupikia, nguo mwisho, na mlango ung'olewe ubebwe, kwa sababu mtu akifika mahali akaweka mlango analala. Baadhi walirudi bondeni maji yalipopungua. Wengine waliomba kubaki juu, na serikali ya kijiji ikawakatia viwanja, baadhi yake kwenye sehemu tuliyokuwa tukichungia. Kulikuwa na minong'ono upande wetu. Kijana mmoja wa Kisukuma akasimama kwenye mkutano akasema hawa wakulima wanavamia malisho. Kicheko kilichofuata nusura kiangushe korosho.

Bibi alichagua mahali ambapo palikuwa na zizi letu la zamani. Tulimwonya kwamba ardhi ile ina samadi nyingi mno, ufuta utapanda majani tu. Akapanda mahindi kwanza, akavuna mahindi ambayo watu walikuja kuyatazama, msimu uliofuata akarudi kwenye ufuta wake. Shamba hilo sasa liko hatua chache kutoka lango la zizi letu jipya, na ndiyo njia fupi ya ng'ombe wangu kwenda mtoni. Juzi kanitumia mjukuu wake na ujumbe kwamba matita yatasimamishwa wiki ijayo, kisado anacho, na nizungushe ng'ombe upande wa juu.

Upande wa juu ni mbali, lakini nimeshawaambia vijana.